Tone la damu kisiginoni na mwito wa pili wa hospitali

Tuliahidi kuendelea leo na somo la mirathi. Tunaomba radhi, somo hilo litasubiri Ijumaa ijayo In Shaa Allah, kwa kuwa limetufikia suala ambalo halikuweza kusubiri, na tumeona si vyema tulijibu kwa mtu mmoja peke yake.

Wiki chache zilizopita, baada ya Swala ya Ijumaa, mzee mmoja wa msikiti wetu alitungoja mlangoni, viatu vyake bado viko mkononi. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mjini Doha, huko Qatar, ambako mumewe anafanya kazi. Mtoto alikuwa mzima, ananyonya vizuri na analia kwa sauti. Lakini siku ya tano hospitali ikapiga simu na kuwataka wazazi wamrudishe mtoto ili atolewe damu mara ya pili, na wasichelewe. Mama mkwe, aliyesafiri kutoka kwetu kwenda kumuuguza mzazi, alikataa katakata. Mtoto hajatimiza arobaini, hatoki nje. Na juu ya hayo, keshokutwa ndiyo siku ya saba, siku ya akika na ya kupewa jina, na watu wamekwisha kualikwa.

"Sheikh," alituambia mzee yule, "hawa watu wamekwisha kumtoboa mtoto mara moja. Wanataka nini tena kwa mtoto mzima? Nimwambie binti yangu afanye nini?"

Hatukuona haya kumwambia kwamba kuhusu akika na arobaini tuna la kusema, ama kuhusu damu hatukuwa na elimu hiyo. Tukasogea pembeni, tukampigia simu ndugu yetu tuliyesoma naye chuo kikuu, ambaye yeye alikwenda upande wa udaktari na leo anatibu watoto. Jibu lake lilikuwa fupi. "Mwambie aende leo, Sheikh, asingoje kesho. Mengine nitakueleza jioni." Hayo aliyotueleza jioni ile, pamoja na tuliyoyasoma baadaye, ndiyo makala yetu ya leo.

Kwanza tulimuuliza swali lilelile la mzee: mtoto mzima anatafutwa nini? Akasema kwamba uzima wa siku za mwanzo ndio unaowadanganya watu. Chakula kinapoingia mwilini huvunjwavunjwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake kinachoifanya kazi hiyo. Tuchukue mfano wa mfereji wa shamba wenye milango mingi ya maji. Mlango mmoja ukikwama, maji hujaa nyuma yake yakafurika na kuozesha mizizi, na mbele yake miche ikakauka kwa kukosa maji. Wapo watoto wanaozaliwa na mlango mmoja wa namna hiyo umekwama. Kipande fulani cha protini au cha mafuta hakivunjiki, hivyo hujilimbikiza katika damu mpaka kikawa sumu ya ubongo, ya ini au ya moyo. Magonjwa haya huitwa magonjwa ya umetaboli, na mtoto hurithi kwa wazazi wake.

Sasa, muda wote mtoto anapokuwa tumboni, damu ya mama kupitia kondo la nyuma huichukua takataka ile na kuisafisha kwa niaba yake. Ndiyo maana huzaliwa mnene, mwenye rangi nzuri, asiye na dalili yoyote. Kitovu kinapokatwa, anabaki na mwili wake peke yake. Anaanza kunyonya, maziwa yanaingia, na sumu inaanza kupanda. Kwa ugonjwa mmoja uharibifu huja ndani ya siku chache, kwa mwingine huja polepole kwa miezi au miaka. Wazazi wanapogundua kwamba mtoto hafanani na wenzake, mara nyingi madhara yamekwisha kutokea na hayarudi nyuma.

Habari ya namna wanadamu walivyolijua jambo hili inaanza na mama. Mwaka 1934 huko Norway, mama mmoja mwenye watoto wawili wenye ulemavu wa akili, aliyekuwa amekwisha kuzunguka kwa madaktari wengi, alimwendea Dk. Asbjørn Følling akilalamikia harufu ya ajabu ya mikojo yao. Følling, aliyekuwa pia mjuzi wa kemia, alitia dawa iitwayo kloridi ya chuma katika mkojo ule, naye akaona ukigeuka kijani, rangi ambayo hakuitarajia. Baada ya kuchunguza kwa muda alibaini kuwa watoto wale hawawezi kuivunja asidi amino iitwayo fenilalanini, iliyomo karibu katika kila chakula chenye protini. Ugonjwa huo leo unaitwa fenilketonuria. Lakini kuujua si kuutibu. Ilipofika 1951 mjini Birmingham, Uingereza, mama mwingine alikuwa akimfuata Dk. Horst Bickel kila asubuhi kumtaka amtafutie binti yake dawa, hata baada ya kuambiwa kwamba dawa haipo. Kwa sababu ya king'ang'anizi cha mama huyo, Bickel na wenzake walitengeneza chakula chenye fenilalanini kidogo sana, na mtoto aliyekuwa hawezi hata kusimama akaanza kutambaa na hatimaye kusimama. Lakini akili iliyokwisha kuharibika haikurudi ilivyopaswa kuwa. Chakula kile kilikuwa kimemfikia akiwa amechelewa.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Dawa ipo, lakini inafaa kwa mtoto ambaye bado haonekani mgonjwa. Je, utamjuaje?

Aliyelifungua fundo hilo ni Dk. Robert Guthrie wa Buffalo, jimbo la New York. Naye alikuwa ni mzazi aliyeguswa: mwanawe mmoja alikuwa na ulemavu wa akili, na mtoto wa ndugu wa mkewe alikutwa na fenilketonuria akiwa amekwisha kupita mwaka mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Guthrie alibuni kipimo rahisi mno. Alidondosha damu ya kisigino cha mtoto katika karatasi nene inayonyonya, akaiacha ikauke, akakata kijiduara na kukiweka juu ya bakteria waliozuiwa kukua. Damu ikiwa na fenilalanini nyingi, bakteria hukua kukizunguka kijiduara kile, na jicho la kawaida hukiona. Karatasi iliyokauka inatiwa katika bahasha na kupelekwa kwa posta, haihitaji barafu wala chupa. Katika majaribio ya kwanza watoto zaidi ya 400,000 wa majimbo 29 ya Marekani walipimwa, na 39 wakapatikana na ugonjwa. Jimbo la Massachusetts lilianza kuwapima watoto wake wote mwaka 1962. Mtoto anayepatikana hivyo na kuanzishiwa chakula chake katika wiki za mwanzo hukua, husoma na huoa kama wenzake.

Kipimo cha Guthrie kilikuwa na upungufu mmoja. Kila ugonjwa ulihitaji kijiduara chake na bakteria wake, na magonjwa haya ni mengi. Mwaka 1990 David Millington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, walionyesha kwamba mashine iitwayo spektrometa ya masi, iliyokuwa ikitumiwa na wanakemia, inaweza kuyatafuta mengi kwa pamoja. Jimbo lao lilianza kuitumia kwa watoto wote wachanga mwaka 1997.

Tulimwomba daktari wetu atueleze mashine hiyo kama anavyomweleza mwanafunzi wa madrasa. Akasema: hiyo ni mizani. Tofauti yake na mizani ya sokoni ni kwamba inapima uzito wa molekuli moja moja. Kijiduara chenye upana wa milimita 3 hivi hukatwa katika karatasi ya damu, na damu iliyomo haifiki sehemu ya kumi ya tone. Hulowekwa katika dawa inayovuta zile kemikali zinazotakiwa, kisha maji yake hupitishwa katika sindano nyembamba yenye umeme yakatoka kama umande wenye chaji. Ufundi huo wa umande ndio uliompatia Mmarekani John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2002. Chembe zenye chaji huingia katika mizani ya kwanza, ambayo huruhusu kupita zile zenye uzito fulani tu. Fenilalanini, kwa mfano, hupita kwa uzito wa 166. Kisha huingia katika chumba chenye gesi ya argoni, hugongana na gesi ile na kuvunjika, na vipande vyake hupimwa na mizani ya pili. Fenilalanini huacha kipande cha uzito wa 120. Kitu kingine kinaweza kuwa na uzito wa 166 kwa bahati, lakini ni nadra sana kiwe na uzito huo na pia kivunjike kwa namna ileile. Ni sawa na kadhi anayetaka mashahidi wawili, asitosheke na mmoja. (Mfano huu ni wetu, daktari alicheka tulipomwambia, lakini aliukubali.)

Kazi yote hiyo huchukua kama dakika mbili kwa mtoto mmoja, na katika dakika hizo mashine huwa imepima kemikali nyingi, siyo fenilalanini pekee. Kamati ya wataalamu wa jenetiki ya Marekani ilipotoa orodha yake katikati ya miaka ya 2000, iliyataja magonjwa 29 ambayo kila mtoto apimwe, na 20 kati ya hayo yalikuwa yanapatikana kwa mashine hii. Hata hivyo, haioni kila kitu. Leusini na isoleusini, kwa mfano, zina uzito mmoja, na mizani haiwezi kuzitenganisha. Ikiona jumla yao imezidi, hutoa ishara tu, na maabara hulazimika kutafuta kwa njia nyingine ni ipi iliyozidi. Jambo hili la ishara tunaomba msomaji aliweke akilini, kwa kuwa ndilo jibu la mzee wetu.

Miongoni mwa magonjwa ambayo kipimo cha bakteria hakikuyafikia, na mashine hii ikayafikia, lipo moja lililotugusa zaidi. Mtu akikaa bila kula, mwili huyavunja mafuta uliyoyahifadhi ili upate nguvu. Kuna watoto wanaokosa kimeng'enya cha hatua moja ya kazi hiyo. Madaktari wanauita ugonjwa wao kwa herufi MCAD. Mtoto kama huyo anaweza kuishi vizuri miezi na miezi, akanenepa, akacheza. Usiku mmoja anapata homa ndogo au kuhara, anakataa kula, analala. Sukari ya damu inashuka, mwili unayageukia mafuta na hauwezi kuyatumia, na asubuhi wanamkuta amezimia au amefariki dunia. Zamani vifo vya namna hiyo viliandikwa kuwa ni vya ghafla visivyo na sababu. Na tiba yake? Asikae muda mrefu bila chakula, na akiugua akashindwa kula, apelekwe hospitali atiwe maji ya sukari. Ugonjwa huu huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, japokuwa wengine hawakuepukana nao, na ndugu zetu waliooleana na watu wa huko wanapaswa kuufahamu. Kwa familia ya Kiislamu una jambo la ziada. Tumezoea kuwazoesha watoto wetu funga wakiwa na miaka saba au minane, tukawasifu mbele ya wageni kwa kufika magharibi. Mtoto mwenye MCAD asizoeshwe. Sheria yetu imekwisha kumruhusu mgonjwa asifunge, na huyu ni mgonjwa hata akiwa anarusha kishada.

Mtu asidhani kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Katika miaka ya 1990 Mohamed Rashed na wenzake, katika Hospitali ya Mfalme Faisal mjini Riyadh, walikuwa miongoni mwa waliotangulia duniani kuipima karatasi ya damu kwa spektrometa hii, na mwaka 1997 walichapisha njia ya kupima sampuli nyingi kwa mkupuo huku programu ya kompyuta ikiashiria zile zenye kasoro. Na Qatar, anakoishi binti wa mzee wetu, ina kisa chake chenye mazingatio.

Qatar ilianza mpango wake wa taifa Desemba 2003 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Heidelberg cha Ujerumani. Damu za watoto wa Doha zilikaushwa katika karatasi, zikasafirishwa kwa ndege na kupimwa Heidelberg, kisha majibu yakarudi. Baada ya miaka michache ikadhihirika jambo ambalo madaktari wa huko walikuwa wakilihisi: ugonjwa uitwao homosistinuria, ambao katika nchi nyingi hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya laki kadhaa, kwa Waqatari unampata takriban mtoto 1 kati ya 1,800. Hakuna nchi duniani iliyojulikana kuwa na kiwango kikubwa kuliko hicho. Mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa hana dalili. Miaka inapopita, lenzi ya jicho huchomoka mahali pake, mifupa hurefuka isivyo kawaida, akili hudumaa, na damu huganda ndani ya mishipa hata kwa kijana. Akipatikana mapema akalishwa chakula chenye methionini kidogo na kupewa dawa zake, huepushwa na mengi katika hayo.

Wataalamu walipochunguza jeni za wagonjwa wa Qatar wakakuta wengi wao wana badiliko moja lilelile, lililorithiwa ndani ya kabila moja kubwa kupitia ndoa za ndugu. Tena walibaini kwamba kupima methionini peke yake kunawaacha baadhi ya watoto wapite bila kuonekana, hivyo wakaongeza kipimo cha homosisteini yenyewe katika karatasi zilezile za damu. Tunalitaja hili kwa kuwa wapo wanaodhani mashine ikishanunuliwa kazi imekwisha. Huko ilibidi wajue kwanza watu wao wanarithi nini, ndipo wakajua waiulize nini mashine.

Tumefika penye ndoa za ndugu, na hatutapapita haraka. Kila mmoja wetu hubeba mabadiliko kadhaa ya jeni yasiyomdhuru, kwa sababu ana nakala mbili za jeni na ile nzima inatosha. Ugonjwa hutokea pale mtoto anaporithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nakala mbovu ya jeni ileile kutoka kwa mama. Watu baki mara chache hukutana na kasoro ileile. Watoto wa ndugu wana babu na bibi mmoja, hivyo uwezekano wa kukutana nayo ni mkubwa zaidi. Kwa jumla, watoto 2 au 3 kati ya 100 huzaliwa na kasoro kubwa ya kimaumbile; wazazi wakiwa binamu wa kwanza, idadi hiyo hufika kama 4 hadi 6. Maana yake ni kwamba zaidi ya 90 huzaliwa salama, na sisi hatumharamishii mtu alichohalalishiwa. Tunachosema ni kwamba kuhalalishiwa jambo hakumaanishi kulazimishwa, na mzazi anayemshurutisha binti kuolewa na binamu yake, hali akijua kwamba katika ukoo watoto wamekuwa wakifa wachanga, ajiulize anamhifadhi nani. Qatar yenyewe, tangu 2009, inawataka wachumba wapimwe kabla ya ndoa.

Na jambo jingine linalotuudhi, tuliseme wazi. Katika kesi za talaka zinazoletwa mbele yetu tumesikia zaidi ya mara moja mume akisema, "Huyu mwanamke watoto wake hawadumu." Kwa magonjwa mengi tunayoyazungumza, hilo ni kosa la kielimu na dhuluma kwa mke. Mume amechangia nusu kamili. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuugua, na mimba iliyotangulia haipunguzi wala haizidishi uwezekano wa inayofuata.

Sasa turudi kwenye simu ya hospitali. Tone la kwanza la damu hutolewa, katika nchi nyingi, kati ya siku ya pili na ya tano. Likitolewa mapema mno, kabla mtoto hajanyonya vya kutosha, sumu inakuwa haijapanda na kipimo hudanganya. Likicheleweshwa, faida yake yote hupotea. Maabara huweka mpaka wa tahadhari kwa makusudi, ili asipite mgonjwa hata mmoja, na kwa sababu hiyo huwaita tena watoto wengi ambao hatimaye huonekana wazima. Pengine karatasi haikupata damu ya kutosha, pengine mtoto alizaliwa kabla ya wakati, pengine kiwango kimepanda kidogo kisha kitashuka. Kwa hiyo mwito wa pili si hukumu ya ugonjwa, na anayeitwa asianze kulia. Lakini miongoni mwa wanaoitwa ndimo alimo yule mmoja, na kabla ya tone la pili hakuna ajuaye ni nani.

Ama arobaini, siku hizo kwa kawaida ndizo za damu ya uzazi ya mama, na katika madhehebu yetu ya Shafii huweza kufika hata 60. Zina hukumu zake katika swala, funga na tendo la ndoa. Hatujui kitabu cha fiqhi kinachomfungia mtoto ndani muda huo. Ni ada, yenye hekima ya kumkinga mtoto na baridi na wingi wa watu, na ada hupisha dharura. Na akika, wanazuoni wengi wanaiona siku ya saba kuwa bora, na aliyepitwa huweza kuifanya siku ya kumi na nne, ya ishirini na moja, au baadaye. Zaidi ya hayo, mnyama huchinjwa na mchinjaji; mtoto hatakiwi kushika kisu. Mzee wetu alitabasamu tulipomwambia hivyo, akapiga simu Doha palepale uani pa msikiti.

Liko pia swali la amana, nalo ni la haki. Karatasi ya damu ya mtoto inabaki wapi? Katika jimbo la Texas, Marekani, wazazi walikwenda mahakamani baada ya kugundua kwamba karatasi za watoto wao zimehifadhiwa na kutumiwa katika utafiti bila idhini yao, na mwaka 2009 jimbo likakubali kuteketeza karatasi zaidi ya milioni 5. Mzazi ana haki ya kuuliza zitahifadhiwa muda gani na nani atazitumia. Aulize baada ya mtoto kupimwa, asiifanye hoja ya kumnyima kipimo.

Binti yake mzee alimpeleka mtoto jioni ileile. Majibu yalikuja baada ya siku nne: kemikali iliyokuwa juu kidogo imerudi kiwango cha kawaida, mtoto hana ugonjwa. Mama mkwe, tumeambiwa, alisema, "Si niliwaambia!" Hatuna la kumjibu, isipokuwa kwamba siku ile ya tano hata yeye hakuwa akijua.

Tulidhani habari imekwisha. Ijumaa iliyofuata mzee akatungoja tena mlangoni, na safari hii hakuwa na haraka. Akauliza kama kipimo kile kipo hapa kwetu. Tukamwambia kwamba si jambo la kawaida katika hospitali zetu kumpima kila mtoto mchanga magonjwa haya, ingawa njia ya karatasi na kisigino si ngeni: kati ya 2015 na 2016, katika hospitali za Muhimbili na Temeke, maelfu ya watoto wachanga walipimwa kwa njia hiyo kutafuta ugonjwa wa selimundu. Akanyamaza. Kisha akatuambia kwamba anaye binti mwingine, mkubwa, yuko Tanga, ameolewa na mtoto wa ami yake. Amezaa mara mbili. Watoto wote wawili walizaliwa wazima, wote wakaacha kunyonya siku ya tatu au ya nne, na wote hawakumaliza siku kumi. Watu walisema ni hasidi. Yeye mwenyewe, alikiri, aliwahi kusema hivyo. Sasa binti ana mimba ya miezi mitano.

Tulimpigia tena daktari wetu. Hakusema kwamba anaujua ugonjwa ule, kwani watoto wachanga hufa kwa mengi, yakiwemo maambukizi ya damu yanayoonyesha dalili zilezile. Alisema kwamba mama aliyepoteza watoto wawili kwa namna moja asijifungulie nyumbani, na madaktari waijue habari hiyo kabla ya uchungu wa uzazi, wala si baada yake. Karatasi ya damu iliyokauka husafiri kwa bahasha, alikumbusha, na damu ya Doha iliwahi kwenda hadi Heidelberg. Akamtaka binti aje na mumewe, wote wawili, na waandike kila wanachokikumbuka: mtoto alizaliwa saa ngapi, alinyonya mpaka lini, alianza kulegea siku gani, alikuwa na harufu gani, alitapika au alitetemeka.

Jumatano iliyopita mzee alituletea daftari la shule lenye jalada la bluu. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa binti, wa pili una mwandiko wa mumewe. Wamekubaliana karibu katika kila kitu, isipokuwa saa aliyoacha kunyonya yule wa pili. Mke ameandika alfajiri, mume ameandika baada ya isha ya usiku uliotangulia. Tumelipeleka kwa daktari kama lilivyo.